Saa Nane Kasoro Dakika Tano: Mji Uliopigwa Picha Kabla ya Kipindupindu

POSTI YA 1

Leo historia yetu inaanzia kwenye picha, tutafika wodini taratibu. Ni posti sita, nitaziweka mfululizo. Mwenye mtoto wa kunyonyesha anyonyeshe huku anasoma.

Ukishuka kwenye pantoni upande wa Kigamboni halafu ukageuka nyuma, unaiona Posta yote imejipanga: maghorofa, minara ya makanisa, meli bandarini. Kijana gani wa Dar hana picha hiyo kwenye simu? Mji ukiutazama kutoka ng'ambo ya maji unapendeza. Harufu haikufikii, foleni huioni, mitaro iliyoziba huioni. Mji unakuwa kama bibi harusi siku ya sherehe.

Kila mji mkubwa duniani una sehemu yake ya kusimama namna hiyo. New York watu wanaipiga wakiwa kwenye feri, Hong Kong wanavuka kwenda Kowloon ndipo wanageuza kamera. Ukidhani ni mambo ya Instagram umekosea. Watu walianza kupiga picha za miji karibu sawa na kamera yenyewe ilipozaliwa. Mfaransa Niépce, miaka ya 1826 na 1827, alielekeza kiboksi chake dirishani akapata mapaa ya nyumba. Mwenzake Daguerre, mwaka 1838, akapiga mtaa wa Paris kutoka juu, mtaa uliojaa watu na magari ya farasi, na kwenye picha mtaa ukatoka mtupu! Bamba lilihitaji muda mrefu kushika mwanga, kwa hiyo kila kilichotembea kilipotea. Aliyebaki akaonekana vizuri ni mtu mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu.

Lakini picha ninayotaka kuwaonyesha leo ni ya miaka kumi baadaye, na haikupigwa Paris wala London. Ilipigwa Marekani, kwenye mji wa Cincinnati, jimbo la Ohio, tarehe 24 Septemba 1848. Ilikuwa Jumapili.

Nimeichagua kwa sababu ni picha ya mji wenye afya, au unaoonekana una afya, miezi michache kabla ya kipindupindu.

POSTI YA 2

Wapiga picha walikuwa wawili, Charles Fontayne na William Porter. Walivuka mto, wakapanda juu ya paa la nyumba upande wa Newport, wakaelekeza kamera Cincinnati. Hawakupiga picha moja. Walipiga nane, wakiisogeza kamera kidogokidogo kutoka upande mmoja hadi mwingine, ili mabamba manane ukiyapanga pamoja upate ukingo wote wa mji, kama kilomita tatu za nyumba, maghala na meli za mvuke zimeegeshwa pua zikitazama nchi kavu.

Hapa ngoja nisimame kidogo kwenye huo mto, maana wengi wanaupita. Unaitwa Ohio. Mwaka 1848 mto huo ulikuwa mpaka. Upande wa Cincinnati, jimbo la Ohio, utumwa ulipigwa marufuku. Upande wa Newport, jimbo la Kentucky, mtu mweusi aliweza kununuliwa na kuuzwa, na mtoto wake akauzwa mbali naye. Kwa hiyo hao mabwana wawili kamera yao ilisimama kwenye ardhi ya utumwa, ikatazama ardhi isiyo na utumwa. Sidhani kama walilifikiria hilo, walitafuta paa zuri tu. Lakini wewe ukiitazama picha hiyo, unaona kile alichokiona mama mtumwa aliyesimama ng'ambo ile na mtoto mgongoni: maji, na baada ya maji, mji. Tutarudi hapo kwenye posti ya 5.

Sasa picha zenyewe zilitengenezwaje? Hakukuwa na filamu wala karatasi. Unachukua bamba la shaba lililopakwa fedha, unalisugua mpaka linakuwa kioo. Unalifukiza kwa mvuke wa ayodini ili liwe tayari kushika mwanga. Unaliweka kwenye kamera, unafungua, unafunga. Ukilitoa, huoni kitu. Picha imo lakini imejificha. Ili itokeze, unaliweka bamba juu ya zebaki iliyopashwa moto, mvuke wa zebaki unapanda na kushika pale mwanga ulipogusa, na picha inajitokeza. Mwisho unaiosha kwa dawa ili isififie.

Ndiyo, zebaki ileile ya kwenye kipimajoto cha zamani, ile ambayo sisi manesi kipimajoto kikivunjika tunawafukuza watoto wote chumbani. Wale mabwana walikuwa wanaivuta kila siku kazini. Ikumbukeni hiyo zebaki, itatokea tena, na mahali ambapo hamtaipenda.

Kila bamba ni kama sentimita 16 kwa 21, karibu sawa na daftari la shule. Nane tu. Hakuna nakala ya ziada, dagerotipu haina negativu, bamba lililokuwa kwenye kamera ndilo picha yenyewe. Likivunjwa au likichafuliwa, basi.

Mabwana walijua wamepata kitu. Picha hizo zilipelekwa kwenye maonyesho Philadelphia mwaka 1849, na mwaka 1851 zikavuka bahari hadi kwenye maonyesho makubwa ya London. Ulikuwa mji unaokua haraka kuliko karibu miji yote ya Marekani: sensa ya 1850 ilihesabu watu zaidi ya 115,000, mji wa sita kwa ukubwa nchini. Na mji unaokua hutaka kuonekana. Karibu kila picha ya mji ya aina hii, ya zamani au ya leo, ukiitafuta sana utakuta nyuma yake kuna mtu anauza kitu: viwanja, hisa, utalii, au jina la mji wenyewe.

POSTI YA 3

Miaka zaidi ya 150 ikapita. Mabamba yakaanza kuchoka, madoa yakaingia, vioo vya juu vikaanza kuharibika. Mwaka 2006 maktaba ya umma ya Cincinnati, ambayo ndiyo inayoyatunza, ikayapeleka kwa wataalamu wa George Eastman House kule Rochester, New York, wayasafishe.

Kabla hujasafisha kitu kama hicho, unakikagua. Wakaweka mabamba chini ya hadubini. Na mwenye kuzoea hadubini anajua kinachotokea kwa kawaida: picha ukiikuza sana inapasuka, inakuwa nukunuku, kama ile picha ya mtoto uliyotumiwa WhatsApp mara kumi. Hii haikupasuka. Walivyozidi kukuza, ndivyo mji ulivyozidi kuwepo. Herufi za vibao vya maduka zikasomeka. Mapazia madirishani yakaonekana. Spoku za magurudumu ya mikokoteni. Vitu ambavyo Fontayne na Porter wenyewe hawakuwahi kuviona, kwa sababu kwa macho matupu ni vumbi tu.

Kuna saa kwenye mnara wa kanisa. Kwenye bamba uso wa hiyo saa una upana wa kama milimita moja, yaani kichwa cha pini. Wakaikuza wakasoma mishale: saa nane kasoro dakika tano mchana.

Na tarehe? Hiyo ilipatikana kwa kulinganisha meli za mvuke zilizoegeshwa na kumbukumbu za safari za mtoni. Siku ambayo meli zile zote zilikuwa Cincinnati kwa pamoja, ndiyo siku ya picha. Napenda sana kazi ya namna hii. Ndivyo tunavyofanya wodini tukitafuta mtoto kalishwa nini: nani alikuwepo, alifika lini, akaondoka lini.

Sasa zile meli msizione kama mapambo ya picha. Zile meli ndizo zitakazoleta ugonjwa.

POSTI YA 4

Desemba 1848, miezi mitatu baada ya picha, meli za wahamiaji kutoka Ulaya zilifika New Orleans zikiwa na wagonjwa wa kipindupindu. New Orleans iko kule chini, mdomoni mwa mto Mississippi. Ohio unaingia Mississippi. Meli za mvuke zilikuwa zinapanda na kushuka kila siku zikibeba pamba, sukari, na abiria waliolala sitahani wamebanana. Ugonjwa ukapanda meli nao. Kufika mwisho wa Desemba tayari Cincinnati kulikuwa na wagonjwa. Baridi ikautuliza kidogo. Mei 1849 ukalipuka.

Hapo ndipo ninapoitazama picha kama nesi na kuuliza maswali ambayo mpiga picha hakuyauliza. Maji ya kunywa ya mji huu yanatoka wapi? Choo kinakwenda wapi?

Jibu la la kwanza: mtoni. Mitambo ya maji ya mji ilivuta maji ya Ohio na kuyasukuma kwenye mabomba bila kuyachuja. Wasiokuwa na bomba walichota visimani na kwenye matangi ya mvua, na mashimo ya vyoo yalichimbwa palepale uani karibu na visima. Jibu la swali la pili: chini ya ardhi na mtoni, hukohuko. Ongezeni na nguruwe. Cincinnati ilichinja nguruwe wengi kiasi kwamba watu waliupachika mji jina la utani Porkopolis, mji wa nguruwe. Nguruwe walizurura mitaani wakila takataka, na damu na matumbo ya machinjioni vilitiririka kwenye vijito vinavyoingia Ohio.

Kwenye picha huo mto umetulia kama kioo. Unapendeza kuliko kitu kingine chochote pale.

Kipindupindu chenyewe mnakijua, lakini nikieleze kwa ufupi kwa mama kijana ambaye hajakiona. Kinaingia kwa mdomo, kwenye maji au chakula chenye kinyesi cha mgonjwa. Kinafika kwenye utumbo na kuufungua kama bomba. Mgonjwa anaharisha maji meupe kama maji ya kuoshea mchele, anatapika, na ndani ya masaa machache maji ya mwili yamekwisha. Macho yanazama, ngozi ukiifinya inabaki imesimama, sauti inakauka. Mtu mzima aliyekula chakula cha asubuhi na familia anaweza kufariki kabla ya usiku. Mtoto anakwenda haraka zaidi, kwa sababu maji yake ya akiba ni kidogo.

Watu wa 1849 hawakujua yote hayo. Waliamini ugonjwa uko hewani, kwenye harufu mbaya na joto zito. Si kwamba walikuwa wajinga, hata madaktari wakubwa wa London waliamini hivyo. Mwaka huohuo wa 1849 daktari mmoja wa London, John Snow, alitoa kijitabu kusema kwamba kinapita kwenye maji, na wengi hawakumsikiliza. Ile hadithi yake maarufu ya pampu ya Broad Street ni ya 1854, bado.

Kati ya Mei na Agosti 1849 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 4,000 Cincinnati. Gawanya hiyo kwa idadi ya wakazi niliyowatajia. Ni kama mtu mmoja katika kila watu 30. Walioumia zaidi ni maskini na wahamiaji, Wajerumani na Waairishi waliopanga vyumba vilivyobanana. Rais wa Marekani wa wakati huo, Zachary Taylor, alitangaza siku ya kufunga na kuomba nchi nzima, tarehe 3 Agosti.

Na tiba? Hapa ndipo zebaki inaporudi.

Dawa kubwa ya daktari wa kawaida ilikuwa kalomeli, unga mweupe unaotengenezwa kwa zebaki. Kazi yake mojawapo ni kuharisha. Hebu fikiria: mgonjwa anakufa kwa kuharisha, anapewa dawa ya kuharisha. Juu yake afyuni ili atulie, na wengine walitolewa damu. Mgonjwa aliyelia kiu mara nyingi alinyimwa maji, ikiaminika yatamzidishia. Walipewa watu wazima, walipewa na watoto. Yaani madini yaleyale yaliyoufanya mji ujitokeze kwenye bamba la Fontayne na Porter, mwaka uliofuata yalikuwa kwenye kijiko kinachopelekwa mdomoni mwa mtoto.

POSTI YA 5

Nyuma ya ule ukingo wa mto, kwenye vilima vya Walnut Hills, alikuwa anaishi mama mmoja. Umri wake miaka 37 siku picha ilipopigwa, mke wa mwalimu wa chuo cha dini, pesa za shida, watoto sita. Wa mwisho alikuwa wa kiume, Samuel Charles, walimwita Charley. Alizaliwa Januari 1848, kwa hiyo saa ile ya mnara iliposoma saa nane kasoro, alikuwa na miezi minane. Umri wa kukaa mwenyewe, kutambaa, na kupeleka kila kitu mdomoni.

Jina la mama huyo ni Harriet Beecher Stowe. Wengine mmeshamtambua, wengine bado, subirini.

Kiangazi cha 1849 mume wake hakuwepo, alikuwa Vermont, mbali kaskazini, kwa matibabu yake mwenyewe. Harriet akabaki na watoto katikati ya mlipuko, akawa anamwandikia barua. Barua hizo zipo. Mwishoni mwa Juni anamweleza kwamba madereva wa magari ya maiti hawapati hata nafasi ya kuwafungua farasi wapumzike, na mikokoteni ya kubebea fanicha sasa inabeba maiti. Anataja siku moja, Jumanne, iliyotangazwa vifo 116. Anasema usiku ule hewa ilikuwa nzito kama risasi. Mnaona? Hewa. Naye alikuwa anaiogopa hewa. Na anamkataza mume wake asirudi, kwa sababu hakuna atakachosaidia ila kuongeza mtu mmoja wa kuugua.

Barua ile mimi nimeisoma kama mama kabla ya kuisoma kama nesi. Mwanamke peke yake, watoto sita, ugonjwa mtaani, halafu anamwandikia mwenzake: usije. Sijui ningeweza.

Julai ugonjwa ukaingia nyumbani kwake. Mwanamke mzee mweusi aliyekuwa akiwafulia nguo akafariki. Charley akaugua, akapata nafuu kidogo, akaugua tena. Tarehe 26 Julai akafariki. Mwaka mmoja na miezi sita. Mama yake alikuwa pembeni ya kitanda na hakuweza kumpunguzia maumivu, na hilo ndilo alilolirudia baadaye kila alipomzungumzia.

Picha ya Charley ipo. Ni dagerotipu, bamba la fedha kama yale manane, ila yeye kalala na tayari ameshafariki. Msishtuke. Enzi zile ilikuwa kawaida familia kumpiga mtoto picha akishafariki, kwa sababu mara nyingi hiyo ndiyo ilikuwa picha yake ya kwanza na ya mwisho. Picha ilikuwa ghali na watoto hawatulii. Nawaombeni leo, mkienda kuitafuta, msiisambaze kama kituko. Ni mtoto wa mtu.

Mwaka 1850 familia ikahamia Maine. Mwaka huohuo Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwakamata watumwa waliotoroka hata wakiwa kwenye majimbo yasiyo na utumwa, maana yake mto Ohio haukuwa tena mwisho wa safari. Harriet akaanza kuandika. Kitabu chake, Uncle Tom's Cabin, kilianza kutoka kwa vipande gazetini mwaka 1851, na kikatoka kitabu kamili 1852. Ndani ya mwaka mmoja kiliuzwa nakala 300,000 Marekani peke yake. Tukio ambalo hata asiyekisoma amelisikia ni la mama mtumwa, Eliza, anayeuvuka mto Ohio kwa kurukaruka juu ya vipande vya barafu, mtoto mikononi, kwa sababu mtoto ameshauzwa na anakuja kuchukuliwa.

Mto Ohio. Ule wa kwenye picha.

Desemba 1852 Harriet aliandika kwenye barua kwamba ni pale kitandani na kaburini kwa Charley ndipo alipojifunza anachosikia mama mtumwa mtoto wake anaponyang'anywa. Aliomba uchungu ule usipotee bure. Wanahistoria wanabishana sana juu ya kitabu chake, na watu weusi wengi wa Marekani wana malalamiko ya haki kuhusu alivyowachora. Mimi sitaingia huko, si fani yangu. Ninachokisema ni kwamba miongoni mwa vitu vilivyomsukuma kuandika kimo kifo cha mtoto kwa kuharisha, kwenye mji ambao miezi kumi kabla ulikaa vizuri kupigwa picha.

POSTI YA 6

Hii ya mwisho ndiyo inayoniuma kama mtu wa taaluma.

Mwaka 1849 tiba ilikuwa imeshapatikana. Kweli kabisa. Mwishoni mwa 1831 na mwanzoni mwa 1832 daktari kijana, O'Shaughnessy, alipima damu ya wagonjwa wa kipindupindu Uingereza akakuta imepoteza maji na chumvi. Mwaka 1832 daktari wa Scotland, Thomas Latta, akachukua maji yenye chumvi akayaingiza kwenye mshipa wa mgonjwa aliyekuwa anakata roho, na mgonjwa akafufuka mbele ya macho yake. Ndiyo dripu ya kwanza hiyo, mama zangu. Wengine baadaye walikufa, kwa sababu walipewa kidogo au kwa kuchelewa, au maji hayakuwa safi. Latta naye akafariki 1833. Madaktari wakubwa wakalidharau jambo, wakarudi kwenye kalomeli. Charley aliugua miaka 17 baada ya Latta.

Dawa ya kunywa ilichelewa zaidi, hadi miaka ya 1960, watafiti wa Dhaka na Calcutta walipoonyesha kwamba sukari kidogo ikichanganywa na chumvi, utumbo unapokea maji hata ukiwa unaharisha. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh, wakimbizi wakajaa kambini, dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamuru wachanganye chumvi na sukari kwenye mapipa na ndugu wawanyweshe wagonjwa wenyewe. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vikashuka chini ya asilimia 4. Ndiyo hiyo ORS yenu ya pakiti.

Nikiwa zamu ya usiku nikampa mama pakiti za ORS, mara nyingi namwona usoni amevunjika moyo. "Nesi, ni hii tu? Hakuna sindano?" Ni hii tu, mama. Harriet angetoa nyumba yake apewe hii tu.

Kwa hiyo tuikumbushane: pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi na salama, usigawe pakiti, usiongeze sukari wala soda. Ikipita masaa 24 mwaga, changanya mpya. Mtoto chini ya miaka miwili apate robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, aliyezidi miaka miwili nusu hadi kikombe kizima, kidogokidogo kwa kijiko au kikombe. Akitapika subiri dakika kumi, anza tena polepole. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Muulize mhudumu dawa ya zinki, mtoto anakunywa siku 10 hadi 14 hata kama ameshaacha kuharisha. Macho yakizama, akilegea, akishindwa kunywa, au ukiona damu kwenye choo, usisubiri asubuhi, nenda kituo cha afya. Na kama anaharisha maji kama ya kuoshea mchele, nenda mara moja huku unamnywesha njiani.

Najua mtauliza, na huku kwetu je? Kipindupindu kikubwa kilipiga Unguja mwaka 1869 na 1870. Daktari wa Kiskoti aliyekuwa akifanya kazi pale, James Christie, alifuatilia jinsi ulivyosafiri na misafara ya bara na majahazi, akaandika kitabu kilichotoka 1876. Mwaka huo wa 1870 Sayyid Barghash akakalia kiti. Zile picha za kale za Unguja tunazozipenda, zilizopigwa kutoka baharini, Beit-al-Ajaib ya 1883 imesimama nyeupe katikati, ni za mji wake. Lakini kuna kazi yake nyingine ambayo haipo kwenye picha hata moja ya aina hiyo, kwa sababu imezikwa: mabomba yaliyoleta maji ya chemchemi kutoka nje ya mji mpaka ndani. Sisemi aliyaleta kwa sababu ya kipindupindu peke yake. Nasema tu kwamba kwa mama wa Unguja wa wakati ule, bomba lilikuwa kubwa kuliko jumba.

Cincinnati ilikunywa maji ya mto yasiyochujwa kwa miaka mingi baada ya Charley. Mtambo mkubwa wa kuchuja ulianza kazi 1907.

Mabamba yenyewe yapo salama kwenye maktaba ya mji huo, na maktaba imeweka picha yote kwenye intaneti ili kila mtu aikuze kwenye simu yake bure. Bando kidogo tu. Anzeni na mnara wa saa, msome mishale wenyewe. Halafu shukeni chini taratibu, mpite maduka, mpite meli, mpaka pale ukingoni nchi kavu inapokutana na maji.